Malalamiko Rasmi Kuhusu Nepi Thelathini na Sita Ulizotuachia

Kwa Mama Mkwe,
Msimamizi Mstaafu wa Chumba cha Kufulia,
Hospitali Kuu.

Mama Mkwe Mheshimiwa,

YAH: NEPI ZA KITAMBAA, MAFUNZO YAKE, NA KUONDOKA KWAKO SIKU YA KUMI NA MBILI BADALA YA THELATHINI

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, umekaa mahali penye mwanga wa kutosha, kwa kuwa ni ndefu na ina vipengele. Sisi hatujambo kwa kiasi kitakachoelezwa hapa chini.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua si kawaida mkwe kumwandikia mama mkwe barua ya malalamiko. Najua zaidi kwamba si adabu mkwe kumtajia mama mkwe mambo yanayotoka kwenye nepi. Kwa hiyo humu ndani lile dogo nitaliita jambo la kwanza, na lile kubwa nitaliita jambo la pili, nami nakuomba unielewe hivyo hivyo bila kunilazimisha kufafanua.

Nianze na yaliyotokea, kwa ajili ya kumbukumbu. Binti yako, ambaye ndiye mke wangu, ni fundi wa lifti. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha, kampuni ilimhitaji siku ileile kwa sababu kulikuwa na watu wamekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Mimi, kama unavyofahamu, ni mkaguzi wa vipimo na mizani, na likizo yangu ilikuwa bado haijaidhinishwa. Wewe ulikubali kuja kukaa na mjukuu wako kwa mwezi mmoja. Ulishuka na begi moja dogo la nguo zako na sanduku moja kubwa la bati. Tulidhani sanduku lina zawadi. Lilikuwa na nepi thelathini na sita za pamba, ulizozikata na kuzishona kwa mkono wako, kila moja imetiwa namba pembeni kwa uzi mwekundu, kama mashuka ya wodini. Tangu hapo sijapata utulivu. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Mafunzo.

Ulinitaka nijifunze kukunja kabla hujavua hata kitambaa cha kichwani. Nilikuomba nianze na kitu kisicholia, ukakubali. Nikachukua jiwe la mizani la kilo tano, kwa kuwa Bosi alikuwa na kilo tano na gramu mia mbili kwa mizani niliyoihakiki mwenyewe. (Bosi ndilo jina tunalomwita mjukuu wako, maana tangu aingie humu hakuna anayekula, kuoga wala kukaa bila idhini yake.) Nilikunja pembe tatu, nikapitisha, nikabana pini. Jiwe lilikaa vizuri sana. Nepi haikulegea wala kuvuja. Uliitazama kazi yangu ukasema, kwa upole, kwamba jiwe halina magoti. Nilichukulia kuwa ni wivu wa kitaaluma.

Siku iliyofuata nilijaribu kwa Bosi mwenyewe. Ana magoti. Ana pia visigino, na mguu wake wa kushoto una nguvu ambazo kwa umri ule si za kawaida. Ulinielekeza niweke vidole viwili kati ya pini na ngozi ya mtoto, ili pini ikipotea njia impate baba. Pini ilipotea njia mara nne. Ningeambatanisha kidole kama kielelezo, ila bado nakihitaji.

2. Kitambaa kipya.

Ulisema nepi mpya zifuliwe mara tano kabla ya kutumika, kwa kuwa pamba mpya bado ina mafuta yake na haijajua kunywa. Maneno hayo sikuyapenda. Kitambaa hakina cha kujua wala cha kusahau. Ulipokuwa uani, nilimvalisha Bosi namba thelathini na moja, mpya, haijaguswa na maji, nikampakata nikiwa nimevaa suruali yangu ya kijivu ya mikutano. Jambo la kwanza likatokea. Nepi haikunywa hata tone. Yote yalipita juu yake kama mvua juu ya bati, yakafika kwangu. Niliingia kwenye kikao cha mkaguzi mkuu nimeshika faili mbele ya mapaja kwa saa mbili nzima, na kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba nilikataa kuketi.

Sikuridhika. Niliporudi nilipima kwa bilauri ya vipimo. Nepi mpya ilishika mililita thelathini. Iliyofuliwa mara tano ilishika mia moja na sabini na tano. Nilirudia mara tatu, maana huwa siamini kipimo cha kwanza. Ulikuwa sahihi, Mama, na ulikuwa sahihi mbele ya binti yako, ambaye alicheka mpaka akakaa sakafuni. Hilo ndilo lalamiko lenyewe. Mtu anaweza kuwa sahihi faraghani.

3. Kamba ya nguo.

Uliniagiza nianike juani, kwa mpangilio wa namba, ili ikipotea moja ijulikane. Ua wa jengo letu ni mmoja na wapangaji ni familia tisa. Ndani ya wiki moja watu walikuwa wameshajifunza kumsoma Bosi kwenye kamba. Refa mstaafu wa ghorofa ya pili hutoka na kikombe chake cha chai, husimama, huhesabu, kisha huja kupiga hodi kuuliza kama kuna tatizo, maana ameona kumi na tisa haimo. Fundi cherehani wa chini hutazama rangi, na hutoa maoni yake kuhusu jambo la pili mbele ya wateja. Nimepewa jina. Naitwa Baba Thelathini na Sita.

Hayo ningeyavumilia kama yangeishia uani. Lakini nilikwenda kukagua mizani ya muuza nyama wa kona, mtu ambaye kwa miaka sita akiniona alikuwa akianza kujifuta jasho. Nilipoinama kusoma mshale, pini ya nepi ilichomoza kwenye mfuko wangu wa shati. Aliitazama. Akaacha kujifuta jasho. Akaniuliza kama mtoto anapata usingizi, akanishauri kwamba doa likiwa sugu niitandaze nepi juani ikiwa bado mbichi. Nilipiga muhuri wangu kama kawaida, lakini nakwambia kweli, Mama, ule muhuri ulikuwa umepungua uzito.

4. Maji ya bomba.

Hili ni gumu kuliandika, nalo ndilo lililokuondoa kwetu ingawa hukulitaja.

Wiki ya pili nilinunua paketi moja ya nepi za kutupa, zilikuwa kumi na nane, nikazificha kwenye kasha la mawe ya mizani, ambalo kwa mujibu wa taratibu za kazi hakuna mwingine anayeruhusiwa kulifungua. Siku hizo nilikuwa nikirudi mchana. Ulipojilaza baada ya chakula, nilimvalisha Bosi ile ya kutupa. Kisha, ili hesabu ya ndoo ya nepi chafu isipungue, nilichukua nepi ya kitambaa iliyo safi, nikailowesha kwa maji ya bomba, nikaitumbukiza ndooni na kufunika, kana kwamba imefanya kazi. Nilifanya hivyo siku tatu. Naomba izingatiwe kwamba aliyefanya hivyo ni mtu aliyekula kiapo cha maandishi kuwafichua wanaobandika sumaku chini ya mizani ya maharage.

Sikujua kwamba mtu aliyesimamia chumba cha kufulia kwa miaka thelathini na moja hutambua maji ya bomba kwa kunusa. Siku ya tatu nilikuona, kupitia dirisha la jikoni, umeshika namba ishirini na mbili. Uliikamua kidogo, ukaisogeza puani, ukatulia. Kisha ukaifua kama zile nyingine. Ukaisuuza mara mbili kama zile nyingine. Ukaianika mahali pake, kati ya ishirini na moja na ishirini na tatu.

Ninacholalamikia ni kwamba hukunigombeza. Mimi nikimkuta mtu na mizani ya uongo nampa nafasi ya kujitetea, hata kama ushahidi uko mezani. Wewe hukunipa. Nilikuwa nimeandaa utetezi mzuri, kwamba zile zilikuwa sampuli za kulinganishia, na mpaka leo ninao kifuani, haujatumika.

5. Kuku.

Siku ya kumi na mbili, tulipoamka, ulikuwa umeshavaa viatu. Ulisema, "Kuku wangu hawana mtu." Ukamshika Bosi kisigino, ukakitikisa kama unavyoagana na mtu mzima, ukaondoka na lile begi dogo. Sanduku ukaliacha.

Nilikuonea huruma kwa ajili ya kuku. Mchana nilimweleza binti yako kwenye simu. Akanijulisha kwamba hufugi kuku, hujawahi kufuga kuku, na kwamba manyoya yao hukuletea mafua.

6. Vipele.

Likizo yangu iliidhinishwa kesho yake, kama vile ofisi ilikuwa inasubiri uondoke. Nepi za kutupa zilikuwa zimekwisha, na uso wa kwenda kununua nyingine sikuwa nao. Tukabaki watatu: mimi, Bosi na sanduku.

Nilifuata maelekezo yako yote isipokuwa moja. Ulikataza nisitie ile dawa ya kulainisha nguo, yenye picha ya maua. Nilitia. Nilitaka zinukie vizuri, ili binti yako akirudi na harufu yake ya grisi aseme kwamba nyumba ni safi. Siku ya nne Bosi alianza kulia kilio ambacho sikuwa nimekisikia. Nilipofungua, mapaja yote yalikuwa mekundu, vipele vimesambaa mpaka kiunoni, na nepi ilikuwa imelowa upande mmoja tu, upande wa pili mkavu. Zilikuwa zimesahau kunywa.

Binti yako alikuwa ndani ya shimo la lifti na simu yake haikupatikana. Nikakaa sakafuni na mtoto begani. Nikafungua simu, nikafika kwenye jina lako, nikalitazama. Sikubonyeza. Nilijua ukipokea utaniuliza swali moja tu: "Umetia nini kwenye maji?" Na kwa kuwa nilishajua swali, nikaona nianze na jibu.

Nilisuuza zote thelathini na sita. Maji ya kwanza yalitoa povu, ya pili povu, ya tatu povu. Yalitulia kwenye maji ya saba. Nikazichemsha kwenye sufuria kubwa, awamu nne, Bosi akiwa ndani ya beseni la nguo kando yangu, nje ya njia ya mvuke, ananisimamia. Kisha nikamlaza uchi kwenye taulo, dirishani, mahali jua linapoingia, ngozi ipate hewa kama ulivyowahi kusema. Mchana ule jambo la kwanza lilitokea mara tano, na jambo la pili mara moja, kwenye zulia. Sikulalamika, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumlalamikia.

Siku ya tatu baada ya hapo ngozi ilisafika. Nilishuka uani nikaanika. Zilikuwa nyeupe, zimenyooka, kuanzia moja mpaka thelathini na sita, na upepo ulizipiga kwa pamoja. Nikageuka kuangalia kama kuna aliyeona. Alikuwapo refa peke yake. Alihesabu, akaniinulia kidole gumba.

Haikutosha. Nimefikiria sana namna ya kuliandika lalamiko la sita kwa lugha ya kiofisi, na nimeshindwa. Haikutosha, basi.

7. Darasa.

Tangu siku ile Jumamosi zangu zimekwisha. Binti wa refa anatarajia kujifungua, na mume wake aliletwa kwangu kwa kushikwa mkono. Wiki iliyofuata akaja na rafiki yake. Sasa wako wanne, watu wazima wenye kazi zao, mmoja ni askari, wanakaa kwenye benchi la fundi cherehani wakikunja pembe tatu juu ya mito. Jumamosi iliyopita nilijisikia nikimwambia askari kwamba mto hauna magoti.

Mmoja akaniuliza nani alinifundisha. Nikajibu kwamba ni mambo ya kusomasoma tu. Bosi, aliyekuwa begani kwangu, alinicheulia hapo hapo. Huo ni udanganyifu wangu wa pili ndani ya miezi miwili, baada ya miaka kumi na minne ya utumishi safi, na mara zote mbili mkono wako umo ndani yake.

8. Hesabu.

Ulikuwa ukimbadilisha Bosi huku unahesabu kwa sauti ile ya kazini: moja, safi; mbili, safi; tatu, safi. Sasa hakubali kuvalishwa bila kuhesabiwa. Nahesabu. Ananitazama mdomoni, ametulia kabisa, mpaka kumi. Baada ya kumi kuna kitu ulikuwa unasema, kifupi, ambacho sikukishika kwa sababu nilidhani si muhimu. Nimejaribu maneno mengi. Kila ninapokosea, anageuza shingo kutazama mlango wa chumba ulichokuwa unalala. Kazi haikabidhiwi hivyo, Mama. Hata ofisini kwetu, mtu akistaafu, huandika.

Kwa kuzingatia yote yaliyotangulia, naomba yafuatayo yatekelezwe:

(a) Uzichukue nepi zako zote. Nimezipanga ndani ya sanduku, nimefunga kamba mbili na kupiga lakiri. Sanduku liko mlangoni.

(b) Uniandikie maelezo kuhusu kuku.

(c) Kwa kuwa mali iliyotiwa namba haiwezi kukabidhiwa bila mwenyewe kuwapo, ufike hapa kuzipokea. Itabidi tuzihakiki moja moja: hali ya pindo, weupe, na kiasi cha maji kila moja inachoshika. Kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa haraka. Kwa kasi ya nepi mbili kwa siku tutamaliza kwa siku kumi na nane, ambazo nimeona zinalingana na siku zilizobaki kwenye ule mwezi wako. Ni sadfa tu.

(d) Katika siku hizo, kwa kuwa utakuwa upo tu, umbadilishe Bosi mara kadhaa kwa sauti inayosikika, nami nitakuwa karibu na kalamu.

Endapo maombi haya hayatajibiwa, nitalazimika kulipeleka suala hili ngazi ya juu, yaani kwa Baba Mkwe, ambaye naamini atakuambia uje.

Nisalimie Baba Mkwe mwenyewe na mgongo wake. Nisalimie shemeji mkubwa na watoto wake, shemeji mdogo na mitihani yake, jirani yenu wa kushoto na yule wa kulia hata kama hamsemezani naye. Refa anakusalimu. Fundi cherehani anakusalimu na anaomba kipimo cha pindo. Muuza nyama hamjuani, lakini naye anakusalimu.

Wako mtiifu katika ulezi,

Mkweo,
Mkaguzi wa Vipimo na Mizani (yuko likizo)

Tanbihi: Binti yako amerudi kutoka kazini sasa hivi, ameisoma barua hii yote akiwa amesimama mlangoni. Alama nyeusi kwenye ukurasa wa pili ni kidole chake. Wiki tatu zilizopita aliniambia hivi: "Wewe ndiye uliyemwudhi, wewe ndiye utakayemwomba radhi." Leo amenirudishia karatasi akasema, "Umeandika kila kitu, radhi haimo."

Nimeikagua upya kipengele kwa kipengele. Ni kweli, haimo. Nisamehe, Mama. Nilikudanganya kwa siku tatu ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nawe ulikuwa umekuja kutusaidia.

Kuhusu ombi (a), limefutwa. Dakika kumi baada ya lakiri kukauka Bosi alifanya jambo la pili, na sikuwa na nepi nyingine. Nimevunja lakiri, nimekata kamba zote mbili, na tangu asubuhi zimeshatumika saba. Hatuwezi kuishi bila nepi hizi, na sioni kwa nini niliandika kwamba tunaweza. Tena hazitoshi. Bosi ana kilo sita na gramu mia tatu na pembe za nepi zimeanza kutofikiana. Nimenunua pamba nikakata kumi na mbili kubwa zaidi kwa mkasi wa jikoni. Nilikusudia ziwe za mraba.

Basi la kutoka huko hufika kituoni saa nne asubuhi. Kuanzia Jumatatu tutakuwa pale kila siku, mimi na Bosi, mpaka ushuke.